Kamera juu ya kinga: itasaidia nani mu njia ya Kabambare?

Mtu mwenye amekula wali ku Salamabila anajua vizuri namna gani ule mchele ulifika. Sehemu kubwa ya njia ulibebwa na kinga. Mchele, mafuta ya mawese, chumvi, sabuni, samaki ya kukauka, batri za toshi, bote za plastiki: kijana anafunga mifuko nyuma, anaongeza bidoni mbili ku mbavu za kinga, anakaza fimbo ndefu ku usukani ili apate nguvu ya kuongoza, halafu anaanza kusukuma. Juu ku mizigo ya namna ile, kinga haipandwi sana. Inasukumwa. Inapandwa tu pa tambarare, na ku mteremko inashikwa kwa nguvu zote za mwili.

Toka Kasongo mpaka Kabambare ni zaidi ya kilomita 100, na mwenye anaenda Salamabila bado hajafika. Wakati wa mvua, motokari inazama mu matope siku mbili, tatu. Kinga inapita. Ndiyo maana tunasema bila kuongeza chumvi: siku watu wa kinga wataacha njia, kariere italala njaa, na bei ya kopo moja ya mchele itapanda kabla jua halijazama.

Basi, kwa muda sasa kuna ulizo lenye linazunguka, na wasomaji wametuletea. Mu WhatsApp watu wanaona video za wazungu wanaendesha kinga na kamera ndogo ku kaske ao ku usukani. Motokari ikiwapita karibu sana, wanapeleka ile video ku polisi, na shofa anaitwa. Vijana wanauliza: sisi je? Tuko na telefone, na telefone iko na kamera. Tukiifunga ku kinga, haitatulinda na wamotari wenye wanatugonga, na wezi, na watu wa barieri?

Hatutaki kucheka hilo ulizo. Ni ulizo la watu wenye wanapoteza miguu na mali mu njia. Lakini tutalijibu polepole, juu jibu la wamotari hapana jibu la barieri, na mwenye atayachanganya anaweza kujitia mu matatizo makubwa kuliko yale ya kwanza.

Tuanze na huko kwenye ile kamera imefanya kazi. Uingereza, polisi ya West Midlands ilianza mwaka 2016 operesheni moja rahisi kabisa: askari wanavaa nguo za kawaida, wanapanda kinga na kamera, wanaenda mu barabara sawa raia yeyote. Shofa akiwapita karibu sana, mwenzao mbele anamsimamisha. Wanamfundisha kwamba kupita kinga kunaomba nafasi ya metre moja na nusu. London kuko mtu mmoja anaitwa Mike van Erp, baba yake aliuawa na shofa mlevi kule Zimbabwe. Yeye anatembea na kinga na kamera, anachukua video za mashofa wenye wanashika telefone wakiwa ku usukani. Mu 2020 mtunga filamu mukubwa, Guy Ritchie, alikatazwa kuendesha motokari miezi 6 juu ya video ya huyo Mike. Mtu tajiri, jina kubwa, na alianguka sababu ya kamera ya mtu wa kinga.

Sasa tuangalie nini kilikuwa nyuma ya ile kamera. Motokari ilikuwa na plaki. Plaki ilikuwa imeandikwa ku serikali na jina la mwenyewe. Polisi ilikuwa na mtu wa kupokea video, na tribunali ilikubali kuisikiliza. Kamera ilikuwa shahidi tu. Haikuzuia motokari hata moja kumkaribia Mike. Ilisema kisha, na watu walikuwepo wa kusikia.

Huku kwetu, hesabu wamotari wenye wanapita mu njia kati ya Kasongo na Kabambare, halafu hesabu wenye wako na plaki. Utamaliza haraka. Na polisi ya barabarani, PCR, utaikuta mu mji, haiko mu pori. Kwa hiyo yule mwenye anafikiri video peke yake italeta askari na pingu, tunamwambia mapema: hapana.

Lakini hatusemi kama haina kazi. Tuchukue kisa cha namna yenye kila mtu anakijua. Kijana anateremka mlima na mifuko miwili. Moto inatokea ku kona, iko na watu watatu juu, inakata upande wake. Kinga inaanguka, mchele unamwagika mu maji, mguu unavunjika. Motari anasimama, na kabla kijana hajapata pumzi, maneno yameanza: "Weye njo uliingia upande wangu." Wale wawili wenye alibeba wanaunga mkono, juu wanataka kufika. Watu wa kijiji wanakuja, hakuna aliyeona. Kesi inaenda mbele ya shefu wa kijiji. Motari iko na mashahidi wawili. Kijana iko na mguu umevimba. Mara nyingi inaisha na "mugawane hasara". Na hasara ya kijana ni mchele wa mtu mwingine, wenye alichukua kwa deni.

Hapo kamera ingesema kitu. Sheria ya barabara ya Kongo, ile loi n° 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inaomba kila mtu apite upande wa kuume. Video ya sekunde kumi inaonyesha nani alitoka upande wake. Shefu wa kijiji hahitaji ordinatere wala avoka ili aone hiyo. Baraza letu linaweza kuangalia telefone sawa linavyoangalia jembe lenye damu. Mwenye kujua mabaraza ya huku anajua pia kama motari mwenye kushindwa mbele ya watu analipa mbio kuliko mwenye kuitwa ku parke, juu jina lake litatangulia mbele yake mu kila kijiji cha njia.

Kamera zenye zinauzwa kwa hii kazi zinafanya hivi: zinarekodi vipande vifupi, moja nyuma ya nyingine, na karte ikijaa zinafuta kipande cha zamani na kuandika kipya. Kwa hiyo ukianguka, kitu cha kwanza kisha kutoka mu njia ni kuzima kamera, ama ile sehemu yenye unahitaji itafutwa na masaa ya kusukuma yenye hayana maana. Telefone ya kawaida haifanyi hivyo. Inarekodi mpaka inajaa, na batri inakufa kabla ya adhuhuri. Kwa njia ya siku tatu ao nne, na kuchajisha kwa pano ya jua ya mtu mwingine kwa makuta, kurekodi safari yote ni ndoto. Tunasema wazi ili mtu asiuze mbuzi kununua kamera.

Na kuna neno la wezi. Watu wanafikiri mwizi ataogopa kamera. Mwizi wa mu pori anaona telefone imefungwa ku usukani, anasema asante. Amepunguziwa kazi ya kukupekua.

Sasa tufike ku barieri, juu najua wengi wanasoma hii gazeti kwa kutafuta hiyo mistari. Mu 2017 shirika la IPIS pamoja na ASSODIP walihesabu barieri za Kivu mbili, Kaskazini na Kusini, walikuta 798. Maniema haikuwa ndani ya hiyo hesabu, lakini hakuna mtu wa kinga wa huku mwenye anahitaji hesabu: anazijua moja moja, na bei ya kila moja, na saa yenye mwenye kuishika analewa. Je, tuzipige video?

Jibu letu: usijaribu. Hatusemi hivi kwa kutetea mtu mwenye anakula jasho la maskini. Tunasema juu ya hii sehemu na historia yake. Namoya na Salamabila zimeona mambo. Mwanzo wa mwezi wa tatu 2017, wafanyakazi watano wa Banro walitekwa na watu wa silaha, wakakaa mikononi mwao karibu miezi mitatu. Mu 2019 wengine tena walitekwa, na mu mwezi wa tisa wa mwaka ule kampani ilitangaza kusimamisha kazi ya Namoya. Mu kati ya hayo yote, jeshi na vikundi vya silaha vilipigana mu vijiji vyenu, na wengi wenu mulikimbia na watoto mgongoni. Mahali kumepita mambo ya namna hiyo, mtu mwenye silaha akiona kamera haoni mchuuzi wa mchele. Anaona mupelelezi. Kila upande unafikiri unapelekea upande mwingine. Video ya franga elfu mbili inaweza kukufungisha, ao kukuzika.

Kwa hiyo mbele ya barieri telefone inaingia mu mfuko, imezimwa rekodi, hapana ku kifua, hapana ku usukani. Na ukiombwa kuifungua, ni vizuri isikutwe na foto za askari, za silaha, wala za chimo ya mtu. PDG wengine wa chimo nao hawapendi kamera kuliko askari.

Ila kuna namna nyingine ya kutumia hiyo hiyo kamera, na hii tunaipenda zaidi. Kwenye ulilipa na ukapewa jetoni ao karatasi, usiipige foto pale pale. Ichunge. Usiku, mahali umelala, ipige foto pamoja na mifuko yako. Kisha safari kumi uko na karatasi kumi, tarehe kumi, mu telefone. Mtu mmoja akipeleka hiyo ku administrata wa teritwari, ni malalamiko. Watu thelathini wa kinga wakileta pamoja, kupitia komite yao ao sosiete sivile, bila sura ya askari hata mmoja, bila jina, ile ni hesabu ya mali. Hesabu ya mali inasikiwa Kindu kuliko kilio.

Wengine watasema: nani amewahi kusikiliza foto za watu wa vijijini mu hii Kongo? Tuko na jibu, na halitoki Ulaya. Linatoka Bukavu. Tarehe 21 Septemba 2018, mahakama ya jeshi ya Sud-Kivu iliwahukumu wakubwa wawili wa FDLR kifungo cha maisha, juu ya mauaji ya 2012 mu vijiji vya Kamananga na Lumenje. Kati ya ushahidi mulikuwa foto zenye zilipigwa na programu ya telefone inaitwa eyeWitness. Ile programu inaandika pamoja na foto tarehe, saa na mahali, na inaonyesha kama foto haikuguswa na mkono wa mtu kisha kupigwa. Mara nyingi avoka wa upande mwingine anakuja na neno moja tu: "Hii foto ilipigwa wapi? Nani anajua haikutoka Burundi?" Safari hii hilo neno lilikuwa na jibu.

Hapo tunataka musimame kidogo, juu ni jambo lenye watu wengi hawalijui. Telefone yako, hata ile ya bei ndogo ya Android, inaweza kuandika ndani ya foto saa na mahali ulipoipigia. Haihitaji rezo: inasoma satelite, na satelite ziko juu ya Kabambare sawa ziko juu ya Kinshasa. Unafungua kamera, unaingia mu reglage, unawasha lokalizasio. Angalia pia saa ya telefone iko sawa, juu telefone yenye inasema tuko mwaka 2015 inaharibu ushahidi wote.

Lakini ukituma ile foto mu WhatsApp namna ya kawaida, WhatsApp inaipunguza uzito na inatoa ile alama ya mahali. Mwenye anaipokea anapata foto tupu. Ukitaka iende na habari yake yote, itume kama dokima: ile alama ya kuunganisha, kisha "document", kisha unachagua foto. Na ile ya kwanza kabisa, yenye iko mu telefone yenye ilipiga, usiifute. Hiyo njo mama. Zingine zote ni watoto wake.

Kuna foto zingine tunataka mupige kabla ya kutoka nyumbani, na hizi hazina adui. Foto ya mzigo wote umefungwa, na mwenye mali amesimama kando: siku mchele utamwagika, hakuna atasema ulikuwa kilo hamsini wakati ulikuwa themanini. Foto ya wenzako wa safari. Watumie wake zenu nyumbani kabla rezo haijaisha. Mama mwenye anabaki Kasongo na watoto, mume iko mu njia siku nne bila sauti, anapata angalau sura za watu wa kuuliza. Tumejua familia zenye zilitafuta mtu wiki mbili bila kujua alitoka na nani.

Na tukiongea habari ya familia, kuna foto moja tunaomba mtu asitume. Mtu akigongwa, ao chimo ikianguka, kitu cha kwanza vijana wanafanya ni kutoa telefone. Saa moja kisha, maiti iko mu grupe kumi za WhatsApp, na mama yake anaiona ku telefone ya jirani mbele hata shefu hajafika kumwambia. Hii ni aibu, tuseme hivyo bila kuzunguka. Toka tarehe 13 Machi 2023 Kongo iko na Code du numérique, yenye inalinda habari za mtu binafsi. Lakini hata bila sheria, wazee wetu walijua namna ya kupeleka habari ya kifo: watu wawili, wanakaa chini kwanza. Piga foto ya mahali, ya moto, ya alama za magurudumu, ya plaki kama iko. Ya mwili, kama ni lazima kwa kesi, ibaki mu telefone moja na iende kwa mwenye kesi tu.

Tunarudi ku usalama wenyewe, juu kamera inasema kisha kitu kutokea, na mguu ukivunjika umevunjika. OMS inasema mu raporo yake ya 2023 kwamba barabara zinaua watu karibu milioni 1 na elfu 190 kila mwaka mu dunia, na zaidi ya nusu ni wenye wanatembea na miguu, wa kinga na wa moto. Afrika njo iko mbele mu kufa, ukilinganisha na hesabu ya watu wake. Mwenye kuwa na franga kidogo, tunamshauri hivi: kwanza kauchu ya freni, ya nyuma na ya mbele. Kisha kitu cha kung'aa nyuma, hata kipande cha CD ya zamani yenye haiimbe tena. Taa ya moto ikiigonga, motari anaona kitu mbele. Hiyo ni bei ya sahani ya maharagi. Kisha hapo njo ufikirie kamera.

Na kundi. Njia ya Kabambare ni ya zamani kuliko serikali zote zenye tumezijua. Misafara ya Waswahili toka Ujiji ilipita humu kwenda Nyangwe na Kasongo, Livingstone alikaa hapa mgonjwa mu 1870, akaandika jina la mahali "Bambarre". Hiyo Kiswahili yenye tunaandika ilifika na ile njia, na biashara ya meno ya tembo, na, tusifiche, na minyororo ya watumwa. Lakini hakuna msafara ulitembea na mtu mmoja. Watu wa kinga leo wanajua vile vile: wanatoka sita, saba, wa mbele anapiga mluzi ku kona, wa nyuma anaangalia moto. Mu kundi la watu sita, telefone moja tu inatosha kuwa na kamera, na inakaa kwa mtu wa nyuma kabisa, juu yeye njo anaona wote. Wengine wanachunga batri zao kwa kuita nyumbani.

Ulizo moja limebaki wazi, na hatutajifanya tumelimaliza: nani atachunga hizo foto? Telefone inaanguka mu Luama, telefone inaibiwa, telefone inauzwa wakati mtoto ni mgonjwa. Mu miji mingi ya Kongo wamotari wako na asosiasio, na namba ku jile. Watu wa kinga wako na nini? Kama komite yao ya Kasongo ao ya Kabambare ingekubali kuwa na karte moja ya memwari, kwa mtu mmoja mwenye kuaminika, ao kwa parokia ao musikiti, na kila mwenye amerudi safari anaweka foto zake pale, kesi ingekuwa na mahali pa kuanzia. Tutafurahi kuandikiwa na wale wenye wameisha kujaribu.

Kwa leo jioni kuna foto moja yenye kila mtu anaweza kupiga bila kuomba ruhusa. Geuza kinga yako, magurudumu juu. Chini ya pedali, ku chuma ya kadri, kuna namba imechorwa. Njo jina la kinga yako. Siku itakutwa mikononi mwa mtu mwingine ku Salamabila, rangi inaweza kuwa imebadilishwa, lakini ile namba ni kazi kuitoa. Uchukue kitambaa na petroli kidogo kwanza, juu imejificha chini ya mafuta na matope ya miaka mingi.